Historia ya Stesheni Isiandikwe kwa Kubahatisha

Mwalimu mmoja wa skuli, msomaji wa siku nyingi wa gazeti hili, ametuletea makala ya ensaiklopidia inayohusu stesheni ya reli ya Dar es Salaam. Wanafunzi wake walikuwa wameinakili katika madaftari yao neno kwa neno, naye alipoisoma aliingiwa na shaka. Alituomba tuipitie na tuseme wazi kama inafaa kufundishiwa. Tumeisoma zaidi ya mara moja, tukailinganisha na yale yaliyokwisha kuchapishwa na kuthibitika, na leo tunaona ni wajibu wetu kutoa jibu hadharani, kwani jambo lenyewe halimhusu mwalimu huyo peke yake.

Jibu letu ni kwamba makala hiyo haifai kama ilivyo. Hata hivyo lawama si ya mwandishi wake peke yake. Sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi wenye stesheni, wenye reli na wenye majalada, ambao tumezifungia habari zetu makabatini tukangoja watu wengine watuandikie, kisha tukashangaa walipotuandika kombo.

Huenda akatokea mtu akauliza: gazeti la visiwani lina shughuli gani na stesheni iliyo ng'ambo ya mkondo? Swali hilo lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi ni kwamba boti zetu huteremsha watu bandarini Dar es Salaam kila siku, na wengi wao safari yao haiishii pale. Wako wanaokwenda Morogoro na Dodoma kwa masomo na kwa kazi za Serikali, na wako wenye jamaa zao Tabora na Kigoma. Kwa watu hao stesheni ni mlango wa pili baada ya gati.

Jibu refu ni la historia. Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sayyid Majid, mtawala wa Zanzibar. Reli iliyokuja kuanzia hapo ilifuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, misafara ambayo mali yake na madeni yake yaliandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara wa Unguja. Treni ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, bidhaa za bara hazikuwa na haja tena ya kubebwa mabegani miezi kwa miezi, wala hazikuwa na haja ya kupita kwetu kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo stesheni ile iligusa mfuko wa kisiwa hiki kabla wengi wa watu wetu hawajaiona kwa macho. Makala inayoieleza bila ya kutaja bahari wala misafara imeacha nusu ya habari yenyewe.

Tuanze kwa haki. Makala ina mema yake. Imetaja sawasawa kwamba ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, kwamba sehemu ya kwanza hadi Morogoro ilifunguliwa mwaka 1907, na kwamba urefu wa njia nzima hadi Kigoma unazidi kilomita 1,200. Mpangilio wake ni mzuri na lugha yake ni nyepesi. Aliyeiandika si mjinga wala si adui. Tunayasema haya kwa sababu uhakiki si matusi, na mwenye kuonyesha kosa la mwenzake hana budi kwanza kukiri alipopatia.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kwamba makala imezichanganya stesheni tatu zikawa moja. Mwanzoni inasema stesheni ni kazi ya Wajerumani, katikati inasema ilijengwa kwa msaada wa Wachina, na mwishoni inasifu treni ya umeme. Msomaji asiyeujua mji atadhani kwamba jengo ni moja, lililobomolewa na kujengwa upya kila zama zilipobadilika. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam ina stesheni kuu tatu, za reli tatu, zilizozaliwa katika nyakati tatu zilizo mbalimbali kabisa.

Ya kwanza ni stesheni ya Reli ya Kati, iliyoko katikati ya mji, karibu na bandari. Reli yake ina upana wa milimita 1,000. Ya pili ni stesheni ya TAZARA, iliyoko mbali na bandari, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ambayo ni Barabara ya Nyerere. Reli yake ni ya ushirikiano wa Tanzania na Zambia, na ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China. Kazi ilianza mwaka 1970, njia ya kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi ikamalizika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Ya tatu ni stesheni ya reli ya kisasa, ambayo wengi huiita SGR, nayo imepewa jina la Rais John Magufuli na iko jirani na ile stesheni kongwe. Reli yake ni ya umeme na upana wake ni milimita 1,435. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017, abiria wakaanza kusafiri hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

Wako watakaosema kwamba tofauti ya milimita ni mambo ya mafundi. Sivyo hata kidogo. Baina ya Reli ya Kati na TAZARA tofauti ni milimita 67, upana usiofikia kiganja cha mkono. Lakini kwa sababu ya upana huo mdogo behewa la reli moja haliwezi kuingia katika reli nyingine, na mzigo unaotoka njia moja kwenda ya pili hauna budi kupakuliwa na kupakiwa upya. Ndiyo maana Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo. Makala inayosema kwamba kutoka stesheni moja ya Dar es Salaam reli inakwenda Kigoma na Zambia pia, imefuta kwa sentensi moja tatizo lililowasumbua wahandisi na mahamali kwa miongo mingi. Mtendaji wa Serikali atakayeisoma kabla ya kuingia katika mkutano wa uchukuzi ataingia na picha isiyo ya kweli.

Na abiria je? Kwa miaka mingi mtu aliyeshuka botini akitaka kwenda Mbeya hakupanda treni pale katikati ya mji. Ilimpasa kushika njia ya uwanja wa ndege hadi TAZARA. Fikiria mzee wa Wete na mizigo yake, aliyesomewa na mjukuu wake makala ya namna hii, akaenda stesheni isiyo yake na kukuta dirisha la tiketi si la safari yake. Wataalamu watasema kosa hilo ni la maandishi tu. Kwa mzee huyo ni nauli iliyopotea na usiku wa kulala nje.

Kosa la pili ni la tarehe. Makala inasema stesheni ni ya mwaka 1907 na inaishia hapo. Lakini mwaka 1907 ni mwaka wa nini? Je, ni mwaka wa njia kufika Morogoro, au ni mwaka wa kukamilika kwa kuta ambazo abiria anaziona leo? Njia ni kitu kimoja, jengo ni kitu cha pili, na mwenye kuliendesha ni kitu cha tatu. Kila kimoja kina tarehe yake, na kila tarehe yataka ushahidi wake. Mwandishi anayezitia tarehe zote katika kapu moja humfanya msomaji aamini kwamba kila anachokiona ni cha kale, au kwamba kila kilicho cha kale bado kipo.

Mchanganyiko huo umeharibu zaidi habari za uendeshaji. Makala inazungumza kana kwamba shirika moja ndilo lililoiendesha stesheni ya Reli ya Kati tangu mwanzo. Ukweli una hatua nyingi. Kampuni ya Kijerumani iliiendesha mpaka Vita Kuu ya Kwanza, na Dar es Salaam ikatekwa na majeshi ya Uingereza mwezi wa Septemba 1916. Baadaye ikawa chini ya Reli za Tanganyika. Mwaka 1948 reli hizo ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda chini ya utawala mmoja wa reli na bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ukakodishwa kwa ubia na kampuni ya India, mpango ambao haukudumu. Reli ikarejea mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2017 ikaliunda upya Shirika la Reli.

Je, hili nalo ni jambo dogo? Waulizwe wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ile. Madai yao ya mafao yalipita ofisi nyingi na mahakama kwa miongo, na kila mahali swali la kwanza lilikuwa: ulikuwa mtumishi wa nani, na tangu lini? Mtu aliyekata tiketi au kupiga bendera katika stesheni ile mwaka 1970 hakuwa mtumishi wa shirika lililozaliwa mwaka 1977. Historia inayoyaruka mambo haya inaruka haki za watu.

Kosa la tatu ni kwamba makala haina watu. Ina mawe, bati, vyuma na majina ya wakubwa waliokata utepe. Haina hata mtu mmoja aliyebeba taruma. Haikumbuki kwamba ujenzi ulianza mwaka 1905, mwaka ule ule Vita vya Maji Maji vilipowaka, wala haisemi kwamba vibarua wa Kiafrika, wakiwamo Wanyamwezi wengi, ndio waliotandika njia ile kwa mikono yao. Haisemi kwamba mgomo mkubwa wa mwaka 1947 ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam uliwafikia pia wafanyakazi wa reli. Haisemi kwamba mwaka 1960, katika mkesha wa uhuru wa Tanganyika, chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Christopher Kasanga Tumbo kiliendesha mgomo ulioitikisa nchi. Waswahili wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Wafanyakazi hao hawakuwapo pale makala ilipoandikwa, na lao halimo.

Kosa la nne linatuhusu sisi wa visiwani moja kwa moja. Makala inatanguliza maneno kwamba reli katika Afrika Mashariki ilianzia Tanga mwaka 1893, ikafuatwa na Mombasa mwaka 1896. Ni kweli kwamba ujenzi wa njia hizo ulianza katika miaka hiyo. Lakini Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870, alikuwa na reli yake ndogo iliyotoka mjini Unguja kwenda Chukwani, na yeye alifariki mwaka 1888. Hesabu hii haihitaji mtaalamu: aliyefariki mwaka 1888 hakungoja mwaka 1893 kuona vyuma vikitandikwa. Reli yake ilikuwa ya jumba la mfalme, si ya umma. Hata hivyo ilikuwapo, na asemaye habari za mwanzo hana ruhusa ya kuiacha.

Kisha ikaja reli ya Bububu, ambayo makala haikuitaja kabisa. Iliwekwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, mwaka ule ule kazi ya Reli ya Kati ilipoanza Dar es Salaam. Ilikwenda takriban maili 7, ikianzia karibu na Ngome Kongwe na kupita jirani mno na milango ya watu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, ikaendelea kwa muda kuchukua mawe ya kazi za bandari, kisha vyuma vikang'olewa. Wageni wangapi hupita Ngome Kongwe leo, katika Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wakajua kwamba mahali pale palikuwa na gari la moshi?

Na hapa haki inatutaka tujihakiki na sisi wenyewe. Ni nani visiwani asiyesikia kwamba Bububu imepata jina lake kwa mlio wa gari la moshi? Tumewasimulia watoto, tumewasimulia wageni, na waandishi wa vitabu vya watalii wamechukua kutoka kwetu. Lakini Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, anaitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886. Kitabu hicho kilitoka karibu miaka 20 kabla ya gari la moshi la Bububu kupiga mlio wa kwanza. Kwa hiyo jina lilikuwapo kabla ya mlio. Hadithi yetu ni tamu, lakini tarehe zinaikanusha. Husemwa kwamba lisemwalo lipo. Katika historia lisemwalo lapaswa kupimwa, hata kama msemaji ni babu yetu na hata kama tunalipenda.

Tunakuja sasa kwenye chanzo cha maradhi. Makosa ya namna hii hupataje nguvu? Tumelifuatilia jambo hili na tumeona linakwenda kwa mzunguko. Mtu mmoja huandika jambo katika ensaiklopidia bila ya ushahidi. Mwandishi wa hotuba ofisini, akiwa na haraka, hulitoa humo akalitia katika hotuba ya mkubwa wake. Mkubwa huisoma hotuba, na magazeti, likiwamo hili, huichapisha. Kisha mwandishi wa ensaiklopidia hupata gazeti, akasema: ushahidi huu hapa, jambo hili limesemwa na kiongozi na limechapishwa. Kosa limejizalia ushahidi wake lenyewe. Tangu hapo kulifuta ni kazi ngumu kuliko kuliandika. Katika mzunguko huo sisi wa magazeti si wasafi, na tunakiri.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili, ambao maofisa wetu wengi hawaujui. Ensaiklopidia kubwa za leo zina kanuni ya kutokubali habari isipokuwa ile iliyokwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Hiyo ndiyo kanuni ya Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha maadamu aonyeshe chanzo. Kanuni yenyewe ni nzuri, kwani bila ya hiyo kila mtu angeandika ndoto zake. Lakini tazameni matokeo yake kwetu. Mzee aliyekuwa stesheni masta miaka 30 anajua kila mlango wa jengo lile, na ushahidi wake haupokelewi kwa sababu haukuchapishwa. Jalada lililomo ofisini lina tarehe, sahihi na muhuri, nalo halitajwi kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Msafiri wa kigeni aliyelala mjini usiku mmoja akaandika kitabu, yeye ndiye shahidi. Kanuni haimpendelei mgeni kwa ugeni wake. Inampendelea aliyeandika, na sisi hatukuandika.

Tunasikia kwa mbali sauti ya wale watakaotwambia kwamba nchi ina mambo makubwa kuliko haya: maji, bei za vyakula, vitanda vya hospitali. Hatubishani nao juu ya uzito wa mambo hayo. Tunachosema ni kwamba kazi hii haigombanii fedha na hospitali. Kuchapisha kurasa chache zenye tarehe sahihi hakuhitaji mkopo wala mfadhili. Kunahitaji karani mwangalifu, ruhusa ya mkuu wake, na nia. Tena Serikali isiyojua kwa hakika mali yake ilijengwa lini, na nani, kwa upana gani, na ikawa chini ya nani, itajadiliana vipi na wawekezaji wanaokuja na vitabu vyao vimekamilika? Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Reli ni mali ya umma, na historia yake ni sehemu ya daftari hilo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa heshima zote kwa wakuu wanaohusika.

Kwanza, Shirika la Reli Tanzania na wenzao wa TAZARA watayarishe, kila mmoja kwa stesheni zake, maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu yenye kutaja tarehe ya njia, tarehe ya jengo, upana wa reli na majina ya waendeshaji kwa mfuatano wa miaka. Kila tarehe iandamane na jalada ilikotoka. Maelezo hayo yachapishwe, yauzwe kwa bei nafuu, na nakala zipelekwe katika maktaba na skuli. Aidha, ubao wa maelezo uwekwe katika kila stesheni kuu, mahali ambapo abiria anayengoja treni anaweza kuusoma.

Pili, Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizopo Kilimani, ziorodheshe waziwazi kila kilichomo kuhusu reli ya Chukwani na reli ya Bububu: barua, ramani, hesabu na picha. Hatuombi majalada yatolewe nje. Tunaomba orodha yake ichapishwe, ili mwalimu wa Mkoani na mwanafunzi wa Makunduchi wajue kipo nini kabla ya kulipa nauli ya kwenda kukitafuta. Na pale karibu na Ngome Kongwe, na Bububu kwenyewe, pawekwe kibao cha kuonyesha gari la moshi lilianzia wapi na likaishia wapi.

Tatu, waandishi wa hotuba katika wizara zetu, za Serikali zote mbili, wawe na desturi ya kutotia tarehe yoyote ya kihistoria katika hotuba mpaka waone ilikotoka. Kiongozi akisema kosa, kosa hilo halibaki la karani. Huwa la Serikali.

Nne, tunawaomba wananchi wenyewe. Majumbani mwetu kuna wazee waliofanya kazi katika reli, bandarini na melini. Kuna tiketi za zamani zilizotiwa baina ya kurasa za vitabu, barua za ajira, vyeti vya utumishi na picha za watu waliosimama mbele ya mabehewa. Visitupwe siku ya kuhama nyumba. Vijana waandike nyuma ya kila picha jina la aliyemo, mahali na mwaka maadamu mwenye kujua bado yu hai. Na wale wenye elimu ya kutumia mitambo ya leo, badala ya kulalamika barazani kwamba tumeandikwa vibaya, waingie wasahihishe, wakionyesha chanzo, kwa adabu na kwa subira.

Tano, na hili ni letu sisi wa magazeti: tuchunguze kabla ya kuchapisha, na tukikosea tusahihishe kwa herufi zinazosomeka. Gazeti likitoa habari iliyothibitishwa, habari hiyo yaweza kutajwa kama ushahidi baada ya miaka 50. Likitoa uvumi, nao pia utatajwa. Karatasi haichagui.

Kwa mwalimu aliyetuletea makala, jibu letu la mwisho ni hili. Usiichane makala ile wala usiwaamuru wanafunzi waifute. Waache waibakishe upande mmoja wa daftari. Upande wa pili waandike stesheni tatu, reli tatu na tarehe zake, kisha wachore mstari kutoka kila kosa hadi kila sahihisho, na mbele ya kila sahihisho waandike wamelipata wapi. Mtoto akishazoea kuuliza habari imetoka wapi, amepata elimu itakayomfaa hata atakapokuwa yeye ndiye ofisa anayeandika hotuba.

Tunarudia kusema kwamba stesheni zile, pamoja na njia iliyokwisha kung'olewa Unguja, zimejengwa kwa jasho la watu wetu na kodi ya watu wetu. Wakuu wenye funguo za makabati wanajulikana, na makabati yenyewe yanajulikana yalipo. Tunawaomba wayafungue.